Mkono wa nje nchini Ukraine: yanayosambazwa na yaliyotokea

Katika mijadala ya Kiswahili kuhusu Ukraine kuna neno moja linalofunga hoja kabla haijaanza: mabeberu. Ukishalitamka, huhitaji tena tarehe wala majina. Upande wa pili nao una neno lake, "wananchi", linalotumika kana kwamba hakuna dola ya kigeni iliyowahi kutoa hata senti. Mkono wa nje umekuwapo Ukraine kwa zaidi ya miaka 100, tena si mmoja. Njia nyepesi ya kuupima ni kutafuta siku ambayo mfadhili alitaka hili na Waukraine wakataka lile, kisha kuangalia la nani lilikuwa.

Dhana: Marekani ilitoa dola bilioni 5 kuipindua serikali mwaka 2014

Kiasi hicho hakikubuniwa. Tarehe 13 Desemba 2013, Victoria Nuland wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani alisema mjini Washington kwamba nchi yake imewekeza zaidi ya dola bilioni 5 nchini Ukraine. Kinachokatwa kwenye video fupi zinazozunguka ni maneno ya mbele yake: tangu uhuru wa 1991. Ni jumla ya miaka 22. Igawanye, utapata wastani wa dola milioni 230 hivi kwa mwaka. Ndani ya fungu hilo zimo ruzuku za asasi za kiraia na vyombo vya habari, na hakuna sababu ya kulificha hilo. Ila si bajeti ya maandamano.

Sasa weka kando yake jambo la siku nne baadaye. Tarehe 17 Desemba Moscow ilitangaza kwamba itanunua hati fungani za Ukraine za dola bilioni 15, na kwamba bei ya gesi itashuka kutoka karibu dola 400 hadi 268.5 kwa kila mita za ujazo 1,000. Bilioni 3 za kwanza zililipwa mwezi huohuo. Kwa kipimo cha fedha peke yake, Urusi iliweka dau kubwa kuliko Marekani, na ikashindwa kumwokoa rais iliyemuunga mkono, Viktor Yanukovych.

Dhana: Nuland alimteua waziri mkuu kwa simu

Mazungumzo yake na balozi wa Marekani mjini Kyiv, Geoffrey Pyatt, yalivuja mtandaoni Februari 2014. Ndani yake anapendekeza kwamba, kati ya viongozi wa upinzani, Arseniy Yatsenyuk aingie serikalini na Vitali Klitschko abaki nje. Yatsenyuk akawa waziri mkuu tarehe 27 Februari. Ushahidi kamili, sivyo? Kinachoachwa ni kwamba tarehe 25 Januari Rais Viktor Yanukovych mwenyewe alikuwa amempa Yatsenyuk kiti hichohicho, kwa sababu ndiye aliyeongoza kundi kubwa zaidi la wabunge wa upinzani. Wamarekani walikuwa wanajadili ofa iliyokwisha kuwekwa mezani. Kuingilia kati kulikuwepo, na kwa lugha ya ufidhuli. Uteuzi haukuwepo.

Siku inayofaa kipimo chetu ni Februari 21. Mawaziri wa mambo ya nje wa Ujerumani na Poland, pamoja na mjumbe wa Ufaransa, walisimamia makubaliano ya kumwacha Yanukovych madarakani hadi uchaguzi wa mapema, usiozidi Desemba. Waziri wa Poland, Radosław Sikorski, alinaswa na kamera akiwaonya viongozi wa upinzani kwamba wasipokubali watakufa wote. Viongozi wakatia saini. Jioni hiyo umati uliokuwa ukiandamana dhidi ya rais katika uwanja wa Maidan mjini Kyiv, ambao katika siku tatu zilizotangulia ulikuwa umepigwa risasi, uliwazomea na kuyakataa makubaliano. Usiku huo Yanukovych akaondoka Kyiv. Ulaya ilitaka abaki kwa muda, na umati haukuisikiliza.

Wanaotetea Maidan nao wana shimo lao hapa. Bunge lilimwondoa rais Februari 22 kwa kura 328. Katiba ilitaka robo tatu ya wabunge 450, yaani 338, baada ya uchunguzi na maoni ya mahakama. Hatua hizo hazikufuatwa. Bunge lilisema tu kwamba ameacha kazi yake. Unaweza kusema hakukuwa na njia nyingine, kwa kuwa mwenyewe alishatoroka, lakini usiseme utaratibu ulitimizwa.

Dhana: Ukraine ilibuniwa na Austria, au na Lenin

Ya Austria ndiyo ya zamani zaidi, na imejengwa juu ya jambo la kweli. Lviv, mji wa magharibi mwa Ukraine, ilikuwa chini ya Austria tangu 1772, na huko vitabu vya Kiukraine vilichapishwa kwa uhuru kuliko Kyiv. Sababu? Kyiv ilikuwa chini ya Urusi, na mwaka 1863 waziri wa Tsar (mfalme wa Urusi), Pyotr Valuev, alizuia vitabu vya dini na vya elimu kwa Kiukraine, na mwaka 1876 Tsar Alexander II akatia saini katazo pana zaidi, lililogusa hata vitabu kutoka nje na michezo ya jukwaani. Waandishi wa Kyiv wakapeleka miswada Lviv. Fedha nazo zilifuata njia hiyohiyo: jumuiya ya kitaaluma iliyoundwa Lviv mwaka 1873 kwa jina la mshairi Taras Shevchenko ilianzishwa kwa michango ya watu wa upande wa Urusi, akiwemo mama mmoja tajiri wa Poltava, Yelyzaveta Myloradovych. Shevchenko mwenyewe alizaliwa mtwana chini ya Tsar mwaka 1814, na hakuwa raia wa Austria hata siku moja.

Ya Lenin aliisema Vladimir Putin tarehe 21 Februari 2022. Kalenda haiungi mkono. Baraza Kuu la Kyiv liliundwa Machi 1917 na kutangaza Jamhuri ya Watu wa Ukraine Novemba mwaka huo. Katika uchaguzi wa bunge la katiba mwezi uleule, Wabolsheviki, chama cha Lenin, walipata karibu asilimia 10 tu ya kura za Ukraine. Wakaja na jeshi Januari 1918. Jamhuri ya Kisovieti ya Ukraine ilikuwa namna ya kukubali jambo lililowashinda kulifuta.

Na kama hoja ni kwamba mipaka ilichorwa na mkono wa dola nyingine, sisi wa Afrika Mashariki tunaijua habari hiyo. Siku ileile ya Februari 21, 2022, balozi wa Kenya Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, aliliambia Baraza la Usalama kwamba mipaka yetu ilichorwa London, Paris na Lisbon, na bado tuliamua kuishi nayo.

Mwaka 1918 ndio unaoonyesha mkono wa nje ukiwa na nguvu kweli. Tarehe 9 Februari Kyiv ilisaini amani na Ujerumani na Austria: majeshi yao yawafukuze Wabolsheviki, na Ukraine itoe tani milioni moja za nafaka. Nafaka haikupatikana kwa kasi iliyotakiwa. Mwisho wa Aprili askari wa Kijerumani waliingia ukumbini mwa Baraza Kuu na kukamata watu, na kesho yake Jenerali Pavlo Skoropadsky akatawazwa. Desemba, Wajerumani walipoondoka, naye akaanguka. Hapa mgeni alishinda kwa sababu alikuwa na askari mitaani. Wenye fedha na ushauri tu, kama tulivyoona, hupuuzwa.

Dhana: Bandera alikuwa kibaraka tu wa Wanazi. Au: Bandera alifungwa na Wanazi, kwa hiyo hana doa

Zote mbili zinakata nusu ya habari. Shirika la Wazalendo wa Ukraine, OUN, liliundwa Vienna mwaka 1929. Mkono mtupu haulambwi, na viongozi wake walitafuta mfadhili yeyote mwenye ugomvi na Poland na Moscow. Wakampata katika ujasusi wa jeshi la Ujerumani. Mwaka 1941 vikosi viwili vya Waukraine, Nachtigall na Roland, viliundwa chini ya Wajerumani. Juni 30 wafuasi wa Stepan Bandera, kiongozi wa tawi moja la OUN, walitangaza dola huru mjini Lviv bila ruhusa ya Berlin. Wajerumani wakamkamata, wakamweka Sachsenhausen hadi Septemba 1944. Ndugu zake wawili walikufa Auschwitz.

Kifungo hicho hakifuti yaliyofanywa na watu wake. Wanamgambo waliofungamana na OUN walishiriki mauaji ya Wayahudi Lviv mwaka 1941. Jeshi la msituni la UPA, chini ya tawi la Bandera, liliua makumi ya maelfu ya Wapoland huko Volhynia na Galicia katika 1943 na 1944, wanawake na watoto wakiwemo. Wakati huohuo mamilioni ya Waukraine walikuwa katika Jeshi Jekundu, na hao ndio husahauliwa na pande zote.

Baada ya vita, CIA ilimchukua Mykola Lebed, aliyeongoza tawi la Bandera kipindi Bandera akiwa kifungoni, na kumlinda asifukuzwe Marekani licha ya rekodi yake. Waingereza wakamchukua Bandera. Majasusi walioangushwa kwa miamvuli walikamatwa wengi wao. Kilichodumu ni uchapishaji: operesheni ya CIA iliyoitwa AERODYNAMIC iligharimia vitabu na majarida kwa miongo kadhaa. Moscow ilitumia njia nyingine: Yevhen Konovalets, kiongozi wa kwanza wa OUN, aliuawa Rotterdam mwaka 1938 kwa bomu lililofichwa ndani ya boksi la chokoleti, na Bandera mjini Munich mwaka 1959 kwa bastola ya sumu ya sianidi.

Dhana: Uhuru wa 1991 ulikuwa mradi wa Washington

Rais George Bush mkubwa alisimama bungeni Kyiv tarehe 1 Agosti 1991 na kuonya dhidi ya "utaifa wa kujiua". Alitaka Gorbachev na Muungano wake wa Kisovieti, ambao Ukraine ilikuwa ndani yake, wabaki. Desemba 1, zaidi ya asilimia 92 walipigia kura uhuru. Hata Crimea, kwa asilimia 54.

Dhana: Mrengo mkali wa kulia ndio unaotawala Kyiv

Hesabu kura. Svoboda, chama cha mrengo huo: asilimia 10.4 mwaka 2012, 4.7 mwaka 2014, na mwaka 2019, wakiwa wameungana na wenzao, 2.15. Dmytro Yarosh wa Right Sector, kundi jingine la mrengo huo, alipata 0.7 alipogombea urais. Lakini kura hazisemi yote: kwenye vizuizi vya Maidan makundi haya yalikuwa na uzito kuliko idadi yao, na Azov, kikosi cha wapiganaji kilichoanza 2014 na waasisi wa mrengo huo, kiliingizwa katika Walinzi wa Taifa mwaka uleule.

Dhana: Donbas ilikuwa vita ya wenyewe kwa wenyewe tu

Hasira ya wenyeji wa Donbas, mashariki mwa Ukraine, ilikuwa ya kweli, hasa Bunge lilipopiga kura Februari 23 kufuta sheria iliyokipa Kirusi nafasi mikoani, ingawa kaimu rais hakuitia saini. Kutoka hasira hadi vita pana hatua. Aliyeiteka Sloviansk tarehe 12 Aprili 2014 ni Igor Girkin, raia wa Urusi aliyekuwa FSB, idara ya usalama ya Urusi. Baadaye aliliambia gazeti moja la Urusi kwamba ndiye aliyebonyeza kifyatulio cha vita hiyo.