Joto mahususi: mawese ya moto yakikutana na maji ya baridi

Chukua kilo moja ya mawese, yapashe mpaka nyuzi 80 za Selsiasi, kisha yamimine kwenye kilo moja ya maji yenye nyuzi 20. Koroga, funika vizuri joto lisitoroke. Wengi watakuambia mchanganyiko utatulia kwenye nyuzi 50, katikati kabisa. Kipimajoto kitasoma 39 na kidogo.

Kinacholeta tofauti hiyo ni joto mahususi: kiasi cha joto kinachotakiwa ili kilo moja ya kitu ipande nyuzi moja. Maji hutaka jouli (kipimo cha nishati) 4,200 hivi. Mafuta ya kula hutaka kama 2,000, mchanga mkavu kama 800, chuma 450 tu.

Nionavyo, ugumu wote unatokana na kuchanganya joto na jotoridi. Joto ni nishati inayohama. Jotoridi ndiyo inayosomwa kwenye kipimajoto. Joto huhama kutoka kwenye kitu cha moto kwenda cha baridi mpaka jotoridi zilingane, na jouli zinazotoka huku ndizo zinazoingia kule. Nyuzi hazina mkataba huo. Mawese yetu yameshuka nyuzi 41 hivi na kutoa jouli 81,000 na ushei. Maji yamepokea jouli hizohizo, yakapanda nyuzi 19 tu. Mama anayekaanga migebuka Ujiji anaijua habari hii bila hesabu: kwa moto uleule, mafuta huwahi kuliko maji.

Uzito nao una neno lake. Fundi chuma akitumbukiza kilo moja ya chuma chenye nyuzi 600, chekundu, ndani ya ndoo yenye lita tano za maji ya nyuzi 25, utasikia chwaaa! na mvuke utapaa. Tukiuacha mvuke huo nje ya hesabu, vyote viwili hukutana kwenye nyuzi 37 hivi. Chuma kimepoteza nyuzi zaidi ya 560, maji yamepata 12. Ukiingiza mkono ndooni ni maji ya kumwogeshea mtoto.

Sasa nenda Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, saa saba mchana. Mchanga unaunguza, unatembea kwa kurukaruka, ilhali ziwa hatua tatu mbele yako ni la baridi, na jua ni lilelile. Joto mahususi si sababu pekee: mwanga huzama ndani ya maji, mawimbi huyachanganya, na mengine huondoka na mvuke. Mchanga hupokea yote kwenye tabaka jembamba la juu. Usiku mambo hugeuka. Mchanga huwahi kupoa, ziwa hubaki na vuguvugu, na hewa iliyopoa nchi kavu huteremka kuelekea ziwani. Mvuvi wa dagaa anayesukuma mtumbwi giza likiwa limeingia huisikia mgongoni, huku miguu yake ikiwa ndani ya maji ambayo bado hayajapoa.