Glasi ya maji haipimi tumbo

Jana saa tano usiku niliamshwa na ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Mama mmoja, siku ya 12 tangu afanyiwe slivu, ile operesheni ya kukata sehemu kubwa ya tumbo ili kupunguza uzito, analia. "Dada, nimemaliza glasi nzima ya maji na sijasikia kujaa hata kidogo. Hawa walinikata kweli, au walinitoboa vitobo vitano tu wakachukua hela yangu?"

Ni wa nne mwezi huu. Yeye nilimjibu kwa upole kwa sababu alikuwa na hofu. Hapa upole umeniishia.

Walikukata. Kama asilimia 80 ya tumbo lako ilitolewa kupitia kimojawapo cha vitobo hivyo unavyovidharau. Kilichobaki ni kitu chembamba chenye umbo la ndizi, kilichokatwa kwa kufuata mpira wa kipimo wa Fr 36 au 40, yaani unene wa milimita 12 au 13. Ukikiziba huku na huku ukakijaza, kinabeba mililita 100 hadi 150 hivi. Basi watu wanashika kalamu: glasi 250, tumbo 150, nimeibiwa! Hesabu ni nzuri, ila tumbo si chupa. Chini lina mlango.

Chukua faneli ya kumiminia mafuta ya taa, uioshe, kisha pitishia lita nzima ya maji polepole. Imejaa? Sasa weka tonge la ugali. Faneli ni ileile, na tonge moja limeiziba. Maji hayakai tumboni yakisubiri yahesabiwe, yanapita. Tena kwenye slivu yanapita haraka, kwa sababu sehemu iliyokuwa ikitanuka kama mfuko ndiyo iliyokatwa. Iliyobaki ni ngumu kutanuka, presha yake iko juu, kila funda linasukumwa kwenda utumbo mdogo. Wa baipasi, yaani waliotengewa kifuko kidogo cha tumbo kikaunganishwa moja kwa moja na utumbo, wana kifuko cha mililita 30 hivi kisicho na hata ule mlango, kwa hiyo msiniulize mara mbili.

Kinachowachanganya zaidi ni uvimbe. Siku tatu nne za kwanza mshono wa stepla umevimba, na funda moja linakaa kifuani kama jiwe. Wiki ya pili uvimbe unashuka, maji yanateleza, na mtu anatangaza kwenye kundi la WhatsApp kwamba tumbo "limeachia". Halijaachia, limeanza kupona. Kwenye kundi hilohilo yupo mwenzake aliyekatwa siku ileile na daktari yuleyule, anayemeza mililita 30 kwa machozi. Wote wawili wako sawa, na kila mmoja anamwonea mwenzake wivu.

Na hisia ya kujaa? Vitabu vinaieleza kana kwamba kengele inagonga. Wiki za mwanzo kuna ambao haigongi kabisa, na kuna ambao inakuja kwa sura ya ajabu: kwikwi, chafya, pua kuchuruzika. Nimemwona mtu akipenga kamasi kila anapofika kijiko cha tatu cha mtori, akidhani ana mafua. Hayakuwa mafua, ni tumbo lilikuwa linamwambia basi.

Ninachoomba ni kimoja: msijipime. Kuna kijana alijipima kwa kipande cha chapati siku ya tisa, ili ajue kama "operesheni imeshika". Alijua. Alitapika mpaka alfajiri.

Kunywa kwenyewe ni hivi. Kile kikombe kidogo cha plastiki cha wodini ni mililita 30. Kimoja kila robo saa, kwa saa 14 ulizo macho, ni lita moja na nusu na ushee. Inatosha. Mkojo ukiwa rangi ya chai ya rangi, umezembea. Ukitapika siku mbili tatu mfululizo, nenda hospitali, na kabla hujatundikiwa dripu ya glukosi sema kwa sauti kwamba umekatwa tumbo na unahitaji vitamini B1 kwanza. Mapigo ya moyo zaidi ya 120 umekaa tu, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi au yanayopanda bega la kushoto, kuhema: hapo usinitumie ujumbe wa sauti, nenda.

Sheria ya kutokunywa hadi nusu saa ipite baada ya kula naihubiri kila siku, na nakiri ushahidi wake ni mwembamba kuliko sauti ninayoihubiria. Naishikilia kwa sababu wanaochanganya ndio ninaowaona wakitapika, lakini aliyelowesha koo kwa funda moja katikati ya yai la kuponda simgombezi. Marufuku ya mrija wa kunywea nimeiacha kimyakimya. Wapo wanaokunywa vizuri zaidi kwa mrija.

Jambo ambalo lingestahili ule ujumbe wa saa tano usiku, hakuna anayeniuliza. Kama maji yanapita, juisi ya miwa nayo inapita. Juisi ya embe inapita, soda iliyotolewa gesi inapita, aiskrimu ikishayeyuka inapita. Slivu haina mlinzi wa vitu vya majimaji. Mtu anaweza kushindwa kumaliza nusu ya yai, kisha akanywa sukari ya siku nzima bila kusikia chochote, halafu mwezi wa tano baada ya operesheni mzani umegoma na anasema daktari hakukata vya kutosha. Huyo tumbo lake silitilii shaka. Namuuliza kuhusu friji.

Yule mama asubuhi amenitumia picha: vikombe vinane vya mililita 30 vimepangwa juu ya kitambaa cha meza, vimejaa maji, na simu imewekewa kengele ya robo saa. Chini ameandika, "Dada, na kahawa je?"

Nimemwambia bado.