Funga dirisha, kaka: maneno ya uongo kuhusu unyevu wa Guangzhou
Saa moja asubuhi, mwezi wa tatu, simu inalia. Mteja wangu wa Kariakoo, aliyefikia chumba cha ghorofa ya pili pale Xiaobei, mtaa wa hapa Guangzhou, kusini mwa China, anasema bomba limepasuka. Nakwenda. Hakuna bomba lililopasuka. Marumaru zinang'aa kama zimemwagiwa ndoo ya maji, kioo cha bafuni kinatiririka, ukuta wa upande wa kitanda una michirizi mpaka chini. Sampuli za pochi za ngozi alizozipanga sakafuni zimeshaanza kunuka koga. Na madirisha yote yako wazi, mapazia yanapepea.

"Dada, nimefungua tangu alfajiri nyumba ikauke, mbona maji yanazidi?"

Yanazidi kwa sababu umefungua, kaka yangu.

Kazi yangu ni kupokea wafanyabiashara kutoka nyumbani, kuwatafutia vyumba na kuwafungashia mizigo, na hakuna neno linalonichosha kama hili: nyumba ikiloa, fungua madirisha ipate hewa. Kwetu ni kweli kabisa. Guangzhou, kati ya Februari na Aprili, ndivyo nyumba inavyoloweshwa.

Wenyeji wanaziita siku hizo huinantian. Baridi ya kaskazini inakaa wiki nzima na zaidi, zege la ukuta na sakafu linapoa mpaka ndani. Halafu upepo unageuka ghafla, unavuma kutoka baharini kusini, una joto na umebeba mvuke. Upepo huo ukigusa ukuta uliopoa, mvuke unageuka maji papo hapo. Umeshawahi kutoa soda kwenye friji ukaiacha mezani? Ile chupa haivuji, maji yanatoka hewani. Basi chumba chako ndicho chupa, na wewe umekifungulia hewa iingie tangu alfajiri. Ghorofa za chini ndizo zinazoumia zaidi, na ndizo zenye kodi nafuu, ndizo mnazozipenda.

Kwa hiyo funga, hasa madirisha ya upande wa kusini na mlango wa baraza. Usipige deki kwa maji, futa kwa kitambaa kikavu. Washa mashine ya kukausha hewa. Jioni ukiona ilivyojaa kindoo chake hutabishana nami tena. Kama kiyoyozi chako kinatoa joto, weka joto, kwa sababu ukuta ukishapata moto mvuke hauna pa kushika. Kuna wanaoweka ubaridi mkali wakidhani wanakausha. Hao wanaupoza ukuta, kisha wanafungua mlango kwenda kununua chakula, na kazi inaanza upya.

Watu wananiuliza watajuaje ni wakati wa kufungua. Mimi natumia kiganja. Weka mkono ukutani: ikiwa ukuta ni wa baridi na hewa ya nje ni ya vuguvugu, usifungue, hata kama jua linawaka. Upepo mkavu wa kaskazini ukirudi, hapo fungua kila kitu mpaka makabati.

Na mzigo ni vivyo hivyo. Maboksi yakilala kwenye sakafu ya stoo siku za huinantian, yanakunywa maji kama sponji. Ukiyapakia hivyo, unyevu unafungiwa humo ndani ya kontena. Njiani bati linapata moto mchana na kupoa usiku, maji yanajikusanya juu na kudondokea maboksi. Mwenye mzigo anafungua Dar anakuta viatu vimeota kuvu, kisha ananipigia mimi kuuliza nani kamwaga maji. Mzigo ukae juu ya chaga. Ndani ya kontena tundika mifuko ya kalsiamu kloridi, na vile vipakiti vya silika viingie kwenye kila pochi na kila kiatu. Kama upepo unakaribia kugeuka, subiri siku mbili tatu ndipo upakie. Najua una haraka. Kuvu halina haraka, lina wiki nne na zaidi baharini.

Mengine nayapitia mbio.

"Mimi mtu wa pwani, unyevu nimezaliwa nao." Umezaliwa na unyevu wa joto. Ukuta wa Dar au Mombasa haupati baridi ya kutosha kutiririka maji, na jioni una upepo wa bahari. Hapa uko bara kidogo, mtoni, katikati ya majengo marefu, na Julai shati likiloa asubuhi linabaki limeloa.

"Kusini mwa China hakuna baridi." Baridi ipo, Januari. Nyumba za kaskazini zina mfumo wa kupasha joto wa mji mzima, lakini kusini ya milima ya Qinling na mto Huai haukuwekwa, na Guangzhou iko kusini kabisa. Viyoyozi vingi vya vyumba vya zamani hutoa ubaridi tu. Nje nyuzi 8, ndani nyuzi 8, na shuka lina unyevu. Njoo na sweta, acha ubishi.

"Mbu wa huku hana malaria, usihangaike na neti." China ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) kuwa haina malaria Juni 2021, ni kweli. Lakini kuna homa ya dengi, na mbu wake anauma mchana. Mwaka 2014 Guangdong, jimbo lenye mji huu, ilipata wagonjwa zaidi ya 40,000. Mwaga maji ya kwenye visahani vya maua. Na ukipata homa wiki za kwanza tangu utoke nyumbani, mwambie daktari umetoka nchi yenye malaria, maana hapa si jambo la kwanza atakalolifikiria.

"Kimbunga ni mvua tu." Septemba 2018, kimbunga Mangkhut kilipokuja, mji uliamuru maduka na kazi zifungwe. Onyo likifika rangi nyekundu, usinipigie kuniuliza kama soko liko wazi.

Halafu kuna liangcha, ile chai chungu ya mitishamba ambayo wenyeji husema inatoa unyevu mwilini. Kunywa, sikukatazi. Yule kaka wa Xiaobei alikunywa wiki nzima, vikombe viwili kwa siku, dirisha likiwa wazi.