Nobel haikupewa chai

Wiki hii tena nimetumiwa ile picha ya Tu Youyou, mwanasayansi wa China, akipokea Nobel mwaka 2015, na chini yake maneno yaleyale: sayansi imethibitisha mitishamba ya Kichina, chemsha majani, kunywa, malaria kwisha. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja.

Mimi ni mfamasia na Artemisia annua, mmea wenyewe unaozungumziwa, siibezi. Ila kilichopewa tuzo ni artemisinini, molekuli moja iliyotolewa kwenye mmea huo. Habari za qi (nguvu ya uhai katika tiba ya Kichina) na joto la ini hakuna aliyezipima katika kazi ile.

Na hao wa kuchemsha ndio wanaonichekesha. Mradi 523 ulianza Mei 1967, China ikitafuta dawa ya malaria kwa ajili ya wanajeshi wa Vietnam Kaskazini. Dondoo za mwanzo za mmea huu zilikuwa vigeugeu, leo zinaua vimelea, kesho haziui. Tu akarudi kwenye kitabu cha Ge Hong, tabibu wa kale wa China, cha karne ya 4, akakuta maelekezo ya kuloweka fumba la majani, kuyakamua na kunywa maji yake. Moto hautajwi. Akahisi joto ndilo linaloharibu dawa, akatumia etha, kiyeyushi kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi. Oktoba 1971 dondoo hiyo ikasafisha vimelea vyote kwenye panya. Kwa hiyo ukiniambia uchemshe kama alivyofanya Tu, unanichokoza.

Inavyoua: kimelea kikimeng'enya himoglobini, protini ya damu yenye chuma, kinaachia chuma hicho, chuma kinavunja daraja la peroksidi (oksijeni mbili zilizoungana) kwenye molekuli ya artemisinini, na vipande vyake vinaharibu protini za kimelea. Basi.

Tatizo langu kubwa ni dozi. Jani kavu moja linaweza kuwa na zaidi ya asilimia moja ya artemisinini, la shamba jingine karibu na sifuri. Utajuaje kikombe chako kina nini? Na pakanga yetu ya milimani, Artemisia afra, ni ndugu tu wa mmea ule. Usitegemee artemisinini humo. Tena artemisinini hukaa mwilini saa chache. Dozi pungufu inaua vimelea dhaifu na kuwaachia wagumu nafasi ya kuzaana. Ndiyo maana dawa za jamii hii tunazifunga na lumefantrini, dawa nyingine ya malaria inayobaki kwenye damu siku kadhaa.

Sasa kinachoninyima raha. Artemisinini haiyeyuki vizuri majini, kwa hiyo Ge Hong hakupaswa kupata kitu. Lakini majani mabichi yakipondwa na kukamuliwa, dawa hutoka nyingi kuliko kwenye chai. Labda mafuta ya mmea huibeba. Panya waliolishwa jani zima nao waliifyonza vizuri kuliko waliopewa artemisinini safi. Ni panya, lakini siwezi kujifanya sikuona.

Hata hivyo, ukipimwa ukakutwa na malaria ya kawaida, meza ALu, vidonge vya artemeta (ya jamii ya artemisinini) na lumefantrini: dozi sita, siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta. Bila mafuta lumefantrini haifyonzwi vizuri.