Ati swichi ya mtandao iko na paswadi, nani ataingia?

Kila mahali naenda kuangalia mtandao, iwe Nakuru ama huku kwetu Kisumu, naambiwa yale yale: "Si tuliweka paswadi kwa swichi?" Swichi ni kile kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi ama shule. Sawa, mliweka, lakini paswadi haikatazi mtu kusimama mlangoni akijaribu funguo usiku kucha. Mwanafunzi aliyechomeka laptopu yake kwa maabara hafai hata kuulizwa paswadi, anafaa kukataliwa kabla afike hapo.

Na kama bado mnaingia kwa Telnet, ile njia ya zamani ya kuamrisha kifaa ukiwa mbali, poti (namba ya mlango wa huduma) 23, hata hiyo paswadi yenyewe mmeitangaza kwa spika ya matatu, kwa sababu Telnet inapitisha kila herufi wazi na mwenye ananasa pakiti anasoma tu. Tumia SSH, kazi ni ile ile lakini maneno yanafichwa, poti 22. Tatu Ylönen aliitengeneza Ufini mwaka wa 1995 baada ya paswadi kunaswa kwa mtandao wa chuo chake. Lakini pia usidanganyike ati ukiwasha SSH umemaliza, hiyo inaficha mazungumzo, haichagui wa kuongea naye.

Wa kuchagua ni ACL, yaani orodha ya anwani zinazoruhusiwa na zinazokataliwa, na hapa ndio watu huanguka. Kwa swichi za Cisco unaandika access-list 10 permit 192.168.10.0 0.0.0.255, yaani ruhusu anwani zinazoanza na 192.168.10, halafu unaenda kunywa chai ukidhani kazi imeisha. Wapi! Hiyo ni karatasi kwa droo mpaka uingie line vty, zile laini za kuingilia swichi ukiwa mbali, uandike access-class 10 in, ndio orodha ianze kufanya kazi. Na usiishie vty 0 4 kama wengi wanavyofanya, swichi nyingi ziko na laini mpaka 15 na mtu anaweza angukia yoyote, so funga 0 mpaka 15 zote sawa.

Dhana ingine, hii ilinigharimu nauli: ati ukiweka ACL na usikatwe hapo hapo, basi uko salama. Nilikuwa Kisumu, swichi iko shule moja Kakamega, nikasahau kuruhusu subnet yangu mwenyewe, yaani kundi la anwani za mtandao wangu, na kila ACL inaisha na deny isiyoonekana, inayokataa kila mtu ambaye hajatajwa. Sesheni yangu ikaendelea vizuri kabisa kwa sababu access-class haikati mwenye ashaingia, nikasevu, nikatoka, nikajaribu kurudi... nimekataliwa. Matatu, boda, kebo ya konsoli (ile ya kuchomeka moja kwa moja kwa swichi) mkononi, siku imeisha hivyo. Siku hizi naandika reload in 10 kwanza, yaani swichi ijiwashe upya baada ya dakika 10, nafungua dirisha la pili nijaribu kuingia, likikubali napiga reload cancel ndio nasevu. Likikataa, swichi inajizima na kuwaka na mipangilio ya zamani.

Ukurasa wa wavuti wa swichi nao hauguswi na hiyo access-class, kama hautumii weka no ip http server na no ip http secure-server.

Konsoli pia haiguswi. Ndio iliniokoa Kakamega, na ndio maana swichi haifai kukaa wazi juu ya kabati pale karani anaweka thamosi.