Kiti Kitupu Hakianikwi: Kuuza Mchezo na Burudani Kigoma

Tarehe 25 Julai 2021 Simba na Yanga zilikutana hapa Kigoma, Uwanja wa Lake Tanganyika, kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho, na Simba ikashinda 1-0. Mchezo wa aina hiyo hujiuza wenyewe. Kazi ya masoko inamhusu mwandaaji wa ndondo, yaani mashindano ya soka ya mtaani, kule Gungu, kikundi cha ngoma cha Ujiji, na hata klabu kubwa. Ligi Kuu ya timu 16, ambayo Mashujaa, klabu ya hapa Kigoma, waliingia msimu wa 2023/24, humpa kila mwenyeji michezo 15 ya nyumbani. Vigogo wa Kariakoo, Simba na Yanga, huja mara mbili tu, kila mmoja mara moja. Ile 13 iliyobaki inahitaji kuuzwa.

Na bidhaa yenyewe ni ngumu. Dagaa wasiponunuliwa leo kwenye mwalo wa Kibirizi huanikwa, wakauzwa hata mwezi ujao. Kiti ambacho hakikukaliwa leo saa 10:30 jioni kimeshapotea. Zaidi ya hapo, mwandaaji hana uwezo wa kuahidi ushindi wala bao zuri. Kwa hiyo auze vile alivyo navyo mkononi: kuanza kwa wakati, kivuli, maji, ulinzi, muziki, usafiri wa kurudi. Mama aliyekuja na watoto akakuta choo hakina maji harudi tena, hata kama timu ilishinda 4-0.

Tarehe ndiyo inayoua shughuli nyingi, kuliko hata bei. Mkoa huu una kalenda mbili za fedha. Mtumishi hulipwa mwisho wa mwezi. Mvuvi wa dagaa hufuata mwezi wa angani. Usiku wa giza taa huvuta dagaa, kwa hiyo wavuvi wako ziwani. Mbalamwezi ikikolea, taa hazifui dafu, nao hubaki nchi kavu. Tamasha la usiku likipangwa wakati wa giza linawakosa watu wa mialoni wote. Siku nzuri ni mwanzoni mwa mbalamwezi, fedha ya giza ikiwa bado mfukoni, na mwanga wa kurudia nyumbani upo. Mwaka 2024 uvuvi ulisitishwa ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti; kipindi kama hicho, bei ya juu ni kujidanganya.

Saa nayo isinakiliwe kutoka Dar es Salaam. Sisi tuko magharibi mno, jua linachwa kama dakika 40 baada ya huko, karibu saa 1 jioni. Mpira wa saa 9 hapa unachezwa kwenye jua kali. Ukianza saa 10:30 utakwisha kama saa 12:20, kabla ya adhana ya magharibi, jambo ambalo watu wa Ujiji wataliona. Angalia pia ratiba ya runinga. Kampuni ya Azam ilinunua haki za kuonyesha Ligi Kuu kwenye runinga mwaka 2021 kwa Sh bilioni 225.6 kwa miaka 10, kwa hiyo mechi kubwa ipo kwenye kila kibanda umiza, yaani banda la kuonyesha mpira mtaani, kwa kiingilio kidogo. Ukipanga bonanza lako saa hiyohiyo, umeshindana na wakubwa bila sababu.

Sasa kiingilio. Chukua mfano wa bonanza: uwanja Sh 150,000, jukwaa na spika 400,000, wasanii 500,000, ulinzi na huduma ya kwanza 150,000, matangazo 300,000. Jumla 1,500,000, na hailegei hata akija mtu mmoja. Kila mtu anaongeza gharama ya 500: tiketi, maji, usafi. Kiingilio kikiwa 3,000, kila kichwa kinaacha 2,500. Wanahitajika watu 600 ili gharama irudi. Ukishusha hadi 2,000, kila kichwa kinaacha 1,500, na sasa unataka watu 1,000. Umepunguza bei kwa theluthi moja, mzigo wa kutafuta watu ukaongezeka kwa theluthi mbili. Wengi hushusha bei kwa hofu bila kupiga hesabu hii.

Mlangoni pana balaa lake. Mkatishaji tiketi mmoja akipokea fedha na kurudisha chenji kwa sekunde 20, anahudumia watu 90 kwa nusu saa. Hao 600 wakija pamoja dakika za mwisho, wanataka wakatishaji 7. Ukiwa na wawili, foleni inafika barabarani, wengine wanaruka ukuta, wengine wanarudi zao. Dawa ni kuuza mapema kwa lipa namba na kupitia maduka ya Mwanga. Toa tiketi 200 za kwanza kwa 2,500: watu wa kufidia gharama watapanda kutoka 600 hadi 640 tu, na fedha ya spika unayo kabla ya siku. Tiketi za bure zigawe kwa kuzihesabu, maana aliyeingia bure leo ataona 3,000 ya kesho ni wizi.

Tangazo liseme nini, wapi, lini, saa ngapi, shilingi ngapi. Gari la matangazo likipita Katubuka msikilizaji ana sekunde chache. Sifa za wasanii zikitangulia, tarehe haisikiki. Kibali cha ofisi ya utamaduni na taarifa polisi vitangulie vipeperushi.

Kwa mdhamini, usiende na barua ya kuomba mchango. Anachonunua ni macho na masikio ya watu, kama benki ya NBC ambayo jina lake hutajwa kila Ligi Kuu inapotajwa. Mwonyeshe wanakuja wangapi, wa rika gani, kutoka mitaa ipi. Kampuni mbili za simu zisikae bango moja. Kila aina ya biashara iwe na mdhamini mmoja tu. Ndani ya siku saba mpelekee picha na idadi ya waliolipa. Idadi hiyo hutoka kwenye vishina vya tiketi, kwa hiyo viweke kwenye bahasha kwa bei na kwa mlango, usiku uleule, kabla fedha haijaanza kugawanywa.