Je, wajua kwa nini tamthilia inayorudi husifiwa kuliko ilipoanza?

Nyumbani kwetu Langoni, mjini Lamu, usiku wa kwanza wa tamthilia mpya ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, sebuleni hapakuwa na pa kutia mguu. Baada ya sala ya isha tulikaa watu kumi na mmoja, wengine juu ya mkeka na wengine mlangoni, birika la kahawa tungu likizunguka, na kila mtu alikuwa na lake la kusema: huyu bwana anajilazimisha kulia, yule mama mkwe ndiye anayejua kazi, muziki unayameza maneno. Nyanya yangu alivumilia sehemu mbili. Usiku wa tatu alijitanda leso yake, akasema hawezi kukesha akimtazama mwanamume mzima akilia dirishani, akaenda zake kulala. Msimu wa pili ulipoanza, miezi kadhaa baadaye, tulikuwa tumebaki wanne. Jirani aliyekuwa amekaa barazani akauliza kwa dirishani kama tamthilia hiyo yafaa, nasi sote wanne tukamjibu kwa pamoja kwamba haina mfano. Kwa hesabu ya usiku ule, tamthilia yetu ilikuwa imepata asilimia 100.

Anayefuatilia hukumu za wahakiki wa runinga wa Marekani ataliona jambo kama hilo likijirudia kwa watu wanaolipwa kutazama. Tamthilia ikianza hupokewa kwa tahadhari, hata kwa ubaridi. Ikirudi, alama hupanda. Breaking Bad, iliyoanza kuonyeshwa na kituo cha AMC mwezi wa Januari 2008, ilipewa 73 kati ya 100 na Metacritic, tovuti inayojumlisha hukumu za wahakiki, katika msimu wake wa kwanza, kisha ikapanda hadi 84, 89, 96, na msimu wa tano, ulioisha mwaka 2013, ukapata 99. The Wire ya kituo cha HBO ilianza mwaka 2002 na alama 79, na misimu miwili iliyofuata ikapata 95 na 98. Je, tamthilia ni kama achari ya maembe, kwamba kadiri inavyokaa ndivyo inavyokolea? Kwa kiasi fulani ndivyo, nami nitalifikia hilo. Lakini sehemu kubwa ya jibu imo katika swali ambalo jirani yetu hakutuuliza: wale saba wengine wamekwenda wapi?

Kwanza ni lazima tujue alama hizi hupikwaje, maana watu huzisoma kama matokeo ya mtihani wa shule na sivyo zilivyo. Tovuti ya Metacritic, iliyoanza mwaka 2001, hukusanya tahakiki za magazeti na majarida, huigeuza kila moja kuwa namba kati ya 0 na 100, kisha hutafuta wastani, huku baadhi ya magazeti yakipewa uzito zaidi kuliko mengine kwa vipimo ambavyo wenyewe hawavitangazi. Rotten Tomatoes, tovuti nyingine iliyoanza mwaka 1998, asilimia yake si wastani hata kidogo. Yenyewe huuliza jambo moja tu kwa kila tahakiki: mhakiki huyu amependa au hakupenda? Waliopenda wakifika asilimia 60, tamthilia hupewa picha ya nyanya nyekundu; wakipungua hapo, hupewa nyanya ya kijani iliyopasuka, kwa ukumbusho wa watazamaji wa zamani waliokuwa wakiwatupia waigizaji nyanya mbovu jukwaani. (Nyanya hizi ni za mchuzi, yule wa leso hahusiki, ingawa kwa hukumu yake sioni tofauti kubwa.) Cha kuchekesha ni kwamba rangi hiyo hiyo ya kijani, ambayo kwa Rotten Tomatoes ni tusi, kwa Metacritic ndiyo rangi ya sifa.

Tofauti ya hesabu hizi mbili si ndogo. Tuseme wahakiki kumi wameitazama tamthilia na wote kumi wameipa 6 kati ya 10, yaani si mbaya, yatazamika. Kwa kuwa hakuna aliyeikataa, Rotten Tomatoes inaweza kuipa asilimia 100, hali Metacritic itaipa kama 60. Sasa tuchukue tamthilia nyingine, ambayo wahakiki saba wameipa 10 kamili kwa kuipenda mno, na watatu wameipa 2 kwa kuichukia. Kwa Rotten Tomatoes hii ni asilimia 70. Kwa Metacritic, tukiacha ule uzito wa magazeti, ni 76. Kwa hiyo ile ya kwanza, ambayo hakuna hata mmoja aliyeipenda kwa moyo wake wote, inaishinda ya pili kwa mbali katika tovuti moja, na inashindwa nayo katika tovuti ya pili. Asilimia ya Rotten Tomatoes ni hesabu ya vichwa, na hesabu ya vichwa hutegemea ni nani aliyekuja kikaoni.

Tamthilia mpya huwavuta wengi kikaoni. Ni habari, kila mhariri anataka gazeti lake liwe na neno juu yake asubuhi ya siku inayotoka, na mhakiki hupangiwa aitazame hata kama hadithi za madaktari humchosha au za majini humtisha. Vituo huwatumia wahakiki baadhi ya sehemu kabla ya watu wengine kuziona, kwa sharti kwamba wasichapishe neno mpaka tarehe na saa iliyowekwa, na wasimwage mtama kwenye kuku wengi kwa kutaja nani anakufa. Mara nyingi sehemu hizo ni chache, tuseme tatu au nne za mwanzo. Maana yake ni kwamba hukumu ya msimu mzima hutolewa na mtu aliyeonja vijiko vitatu kutoka juu ya sufuria, na aghalabu vijiko hivyo ndivyo visivyokolea, kwa sababu sehemu za mwanzo zina kazi nzito ya kuwatambulisha wahusika, mitaa yao, kazi zao na ugomvi wao, kabla ya hadithi yenyewe kushika njia.

Msimu wa pili hauna mkusanyiko huo. Si habari tena, na mhariri ana tamthilia nyingine mpya kadhaa za kugawa. Mhakiki aliyeichukia mwaka uliopita haoni sababu ya kuirudia, naye bosi wake hamlazimishi; anayeomba nafasi ya kuiandika tena ni yule aliyeipenda, aliyeifuata mpaka mwisho, na ambaye pengine ana hamu ya kuwaambia wenziwe kwamba walikosea. Mara nyingi, basi, tahakiki hupungua, na wanaotoka katika hesabu si wa pande zote sawasawa, bali ni wa upande mmoja. Hata kama msimu wa pili hauna ubora wowote uliozidi wa kwanza, namba itapanda. Ndiyo maana mimi, kabla ya kuitazama alama, hutazama maandishi madogo yaliyo kando yake yanayoonyesha idadi ya tahakiki. Alama ya 85 kutoka kwa watu arubaini na alama ya 95 kutoka kwa watu wanane si vitu vya kuwekwa katika mizani moja.

Kuna kichujio kingine kilichokwisha kufanya kazi kabla ya hapo. Tamthilia zilizokosa watazamaji na kukosa sifa kwa pamoja hukatizwa, wala hazina msimu wa pili wa kuhukumiwa. Tunapolinganisha tamthilia mpya na zinazorudi, tunalinganisha watoto wote waliozaliwa na wale tu waliovuka.

Hata hivyo si haki kusema kupanda huko kote ni mazingaombwe ya hesabu. Tamthilia hukua kweli. Waandishi wanapoanza huwa hawajui ni mwigizaji gani atakayeibeba hadithi. Wakiona mtu wa pembeni anawafanya watazamaji wasogee karibu na runinga, humwandikia zaidi. Msimu wa kwanza wa Breaking Bad ulikuwa na sehemu saba tu, kwa kuwa mgomo wa waandishi wa Marekani wa 2007 na 2008 uliukata njiani, na tamthilia nzima ilipokwisha ilikuwa na sehemu 62. Aliyeihukumu mwaka 2008 alikuwa na haki ya kusema anachokiona ni mwanzo tu, kwani ndicho alichokuwa nacho mkononi.

Namna nzuri ya kutenganisha kukua kwa kweli na kupungua kwa wapinzani ni kuzitazama tamthilia ambazo msimu wake wa pili huwarudisha wahakiki wote kikaoni. True Detective ya HBO ni mojawapo: kila msimu una hadithi mpya na waigizaji wapya, kwa hiyo kwa mhariri ni habari upya. Msimu wa kwanza, wa mwaka 2014, ulipata 87 katika Metacritic. Wa pili, mwaka 2015, ukashuka hadi 61. Hapakuwa na wapenzi waliojitenga wakajipigia makofi. Kila mtu alikuwepo, na kila mtu alikumbuka utamu wa mwanzo.

Misimu ya mwisho ya tamthilia kubwa huwa na hali kama hiyo. Game of Thrones, tamthilia ya HBO ya wafalme na majoka, ilipofikia msimu wake wa nane, uliomalizika tarehe 19 Mei 2019, hata magazeti yasiyojali majoka yalituma watu, na sehemu iliandikiwa tahakiki baada ya sehemu. Katika Rotten Tomatoes, msimu huo ulishuka chini ya asilimia 60, nyanya ikapasuka, na zaidi ya watu milioni moja wakatia saini ombi la kutaka msimu utengenezwe upya. Miezi michache baadaye, tamthilia hiyo hiyo ikapewa tuzo ya Emmy ya tamthilia bora ya mwaka, maana wapigaji kura wa Emmy ni watu wa tasnia yenyewe, na hicho ni kikao kingine kabisa.

Huku kwetu alama hizo ni nadra kutufaa. Metacritic haitoi alama mpaka zipatikane angalau tahakiki nne kutoka kwa magazeti inayoyatambua, na tamthilia nyingi za Kituruki tunazozitazama, kama nyingi za Nairobi na Dar es Salaam, hazifikishi idadi hiyo. Isitoshe, tunachokiona si kile walichokiona wenyewe. Huko Uturuki sehemu moja huweza kuchukua saa mbili na zaidi, ikiisha ndiyo imeisha mpaka wiki ijayo. Ikiuzwa nje hukatwa vipande vya kiasi cha dakika arubaini na tano, na kilio kilichokuwa katikati ya hadithi huwa ndiyo mwisho wa usiku. Nyanya yangu alipolalamika kwamba kila siku tunamaliza na mtu analia, hakuwa amekosea. Alikuwa amekihakiki kisu cha mkataji.

Kikao cha Langoni kiliwahi kujaa tena mara moja tu, usiku wa sehemu ya mwisho. Habari ilikuwa imeenea kichochoroni, na wale saba walirejea, pamoja na wengine ambao hawakuwahi kuona hata dakika moja. Sisi wanne tuliokesha misimu miwili tulijikuta wachache ndani ya sebule yetu wenyewe, tukieleza nani ni mtoto wa nani huku wageni wakicheka mahali ambapo sisi tulitokwa na machozi. Ilipokwisha, jirani aliuliza tena kutoka barazani kama ilikuwa nzuri, na safari hii majibu yalikuwa mengi hata hakusikia lolote. Nyanya alikuwa ameketi karibu na mlango, leso mabegani. Alisema yule bwana bado analia dirishani, kisha akaomba aelezwe ni lini itarudi.